Wakala wa Marekani katika Vita vya Maniema

Makala haya yanaeleza kwa ufupi utumishi wa Mmarekani Richard Dorsey Mohun (1864–1915), ambaye mtafiti wa historia ya Waswahili wa Maniema hana budi kukutana naye.

Marekani iliitambua bendera ya shirika la Mfalme Leopold II huko Kongo tarehe 22 Aprili, 1884, kabla ya taifa kubwa lolote lingine. Mwaka 1892 ilimpeleka Mohun Boma akiwa wakala wa biashara. Kwa mujibu wa cheo chake, alipaswa kuchunguza masoko. Hata hivyo, vita baina ya Dola Huru ya Kongo na mabwana wa Kiarabu na Kiswahili vilipopamba moto, alijiunga na kikosi cha Chaltin, akasimamia mizinga. Mwaka 1893 kikosi hicho kilifika Riba Riba, ambayo leo huitwa Lokandu, kaskazini ya Kindu. Na kusini yake, Nyangwe na Kasongo zikatekwa na Dhanis. Mwaka 1894 Mohun alishiriki kuwasaka watu walioshtakiwa kumwua Emin Pasha.

Kuanzia 1895 hadi 1897 alikuwa balozi mdogo Zanzibar, mji ule ule alimoishi Tippu Tip, ambaye mwanawe Sefu aliangamia katika vita hivyo. Mohun alikuwapo Waingereza walipolipiga mizinga jumba la Sultani tarehe 27 Agosti, 1896. Mwaka 1898 aliingia rasmi katika utumishi wa Leopold, akaongoza msafara wa kutandaza waya wa simu kutoka Ziwa Tanganyika.

Swali la msingi ni hili: je, maandishi ya mtu wa namna hii tuyasome kama ushahidi wa mwanadiplomasia au wa askari wa upande mmoja? Kwa maoni yetu, ni ya mshiriki, na hayana budi kulinganishwa na maelezo ya upande wa pili, kama vile tawasifu ya Tippu Tip iliyoandikwa kwa Kiswahili. Ulinganisho huo usitufanye tusahau upande wa tatu, yaani wenyeji waliotekwa na kuuzwa na hao mabwana, kisha wakatumikishwa na Dola ya Leopold. Sauti zao hazimo katika maandishi ya upande wowote.

Mabwana hao walishindwa, lakini lugha yao haikushindwa. Kindu, makao makuu ya Maniema, inazungumza Kiswahili hadi leo.