Mwigizaji wa ridhaa si kasuku

Wanafunzi wangu huchanganya mhusika na mwigizaji. Mhusika huumbwa na mwandishi. Mwigizaji humpa mwili na sauti. Hata hivyo, katika maigizo ya jamii, mwigizaji wa ridhaa humsahihisha mwandishi pia.

Mwaka wa 1977, kule Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Wakati wa mazoezi, waliwarekebisha Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii: mzee hasemi hivi! Novemba, serikali ikapiga marufuku mchezo huo.

Mbona wanakijiji waogopwe? Kwa maoni yangu, kibarua aliyeigiza kibarua hakukariri tu. Alisema yake, kwa lugha iliyoeleweka na jirani. Ndiyo maana nasisitiza: tuviachie vikundi vya mitaani lugha yao.