Mnashangaa majoka ya Ulaya? Karagwe mfalme alikuwa na jeshi la simba!

Nyie mnaokesha kwenye video mkitazama wafalme wa Kizungu wakichinjana, mnadhani yale yote yamebuniwa? Thubutu! George R. R. Martin, Mmarekani aliyetoa A Game of Thrones mwaka 1996, alichota kwenye Vita vya Mawaridi, koo mbili za Uingereza zilipouana kugombea kiti kuanzia mwaka 1455. Hata mashetani walikuwepo kwenye picha za Jehanamu zilizochorwa kwenye kuta za makanisa enzi hizo.

Haya, sasa twende Kanoni, mkoani Kagera. Hii ni nchi ya Karagwe, na Novemba 1861 Mwingereza John Speke alifika kwa mfalme wake, Rumanyika. Mfalme akamsalimia kwa Kiswahili safi, bwana! Aliyoyasikia huko Speke aliyachapisha mwaka 1863, na ukiyasoma usiku huzimi taa.

Mfalme Ndagara alipofariki, wanawe waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya lakini nzito kwa dawa. Asiye na haki haimnyanyukii. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Wazungu wanao upanga uliokwama kwenye jiwe; kisa ni kilekile.

Simba je? Inasemekana babu yake Rumanyika alipokufa, mwanasimba alitoka kwenye moyo wa maiti, akazaa wengine, na Ndagara akawa anawatuma vitani badala ya askari. Maiti ya Ndagara mwenyewe ilishonewa kwenye ngozi ya ng'ombe, ikaelea ziwani siku tatu hadi ikatoa funza. Watatu wakapelekwa ikulu: mmoja akageuka simba, wa pili chui, wa tatu fimbo. (Fimbo ya kazi gani, Speke hakusema.)

Halafu hapa ndipo utani unaisha. Juu ya maiti ilijengwa nyumba kilimani, wakaingizwa ng'ombe 50 na wasichana watano, mlango ukazibwa. Wakafa kwa njaa.

Ni simulizi ya mgeni, sawa, na huenda imetiwa chumvi. Lakini simba wana ukoo mzima kwenye kitabu, wale mabinti hawana hata jina. Mwandishi wa kwetu akitaka kutisha kweli, awaache simba nje. Aanzie mle ndani, siku ya kwanza, ng'ombe wakiwa bado wana maziwa.