KOPO LINALOBANA HALIKAUSHI VIUNGO: Linda mtaji wako kipindi cha mvua



Fikiria umeamka asubuhi, mteja wa Tegeta kakutumia picha WhatsApp. Pilau masala uliyompelekea kwa bodaboda wiki iliyopita imeganda mabonge na inanuka uvundo. Anataka hela yake. Mbaya zaidi, picha hiyo hiyo kaiweka status.

Wengi wetu tunaouza viungo kutokea nyumbani, uwe Mbagala, Chamazi au Bunju, tumezoea ushauri mmoja: weka kwenye kopo linalobana. Ni ushauri mzuri, ila ni nusu. Kopo halikaushi kitu, linafungia kilichomo. Ukiweka iliki kavu, itabaki kavu. Ukiweka iliki yenye unyevu, umeufungia unyevu humo humo na ukungu utaota ndani.

Hapa Dar tuko pwani, hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na inazidi wakati wa masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba). Kipimo unacho jikoni tayari: chumvi. Chumvi huanza kunyonya maji hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi. Ukikuta chumvi ya kwenye kikopo imelowa, siku hiyo usifungashe. Subiri siku ya jua.

Fanya hivi:

1. PIMA UKAVU. Kaanga chumvi kidogo bila mafuta hadi ikauke, iache ipoe. Weka kijiko kimoja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na vijiko vitatu vya pilipili manga au iliki nzima. Funga, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mzigo bado mbichi, urudishe juani. Wakulima wa mahindi hutumia njia hii kabla ya kuweka ghalani.

2. POZA KWANZA. Viungo vikitoka mashineni vinakuwa na joto. Ukivifunga hapo hapo, utakuta matone chini ya mfuniko. Tandaza kwenye sinia safi, vikipoa tu funga. Usiviache wazi usiku kucha.

3. PIMA KOPO. Jaza maji, funga, ligeuze juu chini. Likivuja maji, na hewa inapita. Lililofaulu likaushe kabisa kabla ya kutumia.

4. KILA KIUNGO NA KOPO LAKE. Karafuu na binzari huacha harufu kwenye plastiki hata ukiosha. Chupa za kioo za jamu au asali ni bora, hazishiki harufu. Ndoo ya mafuta ya kula iache kabisa.

5. GAWA MZIGO. Kila ukifungua kopo, hewa yenye unyevu inaingia. Usichote kilo nzima mara kumi kwa siku. Weka akiba kubwa kwenye kopo moja lisiloguswa, na kopo dogo la kupakia oda. Andika tarehe, na mzigo wa kwanza kuingia uwe wa kwanza kutoka.

6. MBALI NA JOTO NA MWANGA. Siyo juu ya friji, siyo karibu na jiko, wala juu ya kabati chini ya bati. Joto linatoa mafuta yenye harufu, na hayo mafuta ndiyo mteja anayoyalipia.

7. SAGA KWA ODA. Kiungo kizima kinakaa muda mrefu kuliko cha unga. Saga cha wiki moja au mbili tu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme pakiti inakugharimu 4,000 na unauza 5,000. Pakiti 1 ikiharibika, faida ya pakiti 4 imekwenda kuifidia, hapo hujarudisha nauli ya bodaboda. Zikiharibika 10, unauza 40 bure.

Na ukishaona ukungu, tafadhali usianike ukauza. Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Jua haliitoi, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Inauma kumwaga, lakini mteja wako anakwenda kupikia watoto.

Ukianza kufungasha kwa jina lako, ulizia utaratibu TBS, ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. SIDO nao wanatoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo.

Leo hii anza na makopo uliyonayo: jaza maji, geuza, angalia. Halafu tuambie kwenye komenti, mangapi yamevuja?

Mtumie na mwenzako anayeuza viungo. Biashara njema.