Ndege ya Uwanja Mfupi na Mgonjwa wa Mbali: Funzo kutoka kwa Beaver ya Kanada

Mama aliyepatwa na uchungu pingamizi katika kijiji kilicho mbali na chumba cha upasuaji hana muda wa kusubiri barabara ikauke. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ndege ndogo inayoweza kutua kwenye uwanja wa nyasi ni sehemu ya tiba, kama ilivyo damu ya kuongezewa au dawa ya usingizi. Lakini kila tiba ina kipimo chake. Makala haya yanaeleza jinsi ndege za kuruka kwa umbali mfupi zilivyobuniwa, zinavyofanya kazi, na kwa nini mhudumu wa afya anapaswa kuufahamu mpaka wa uwezo wake. Mfano tutakaoutumia ni Beaver, ndege ya Kanada ambayo sifa zake zinaonekana hadi leo katika ndege nyingi za wagonjwa.

Ndege iliyobuniwa kwa kuuliza

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, kiwanda cha de Havilland Canada, karibu na Toronto, kilijikuta hakina tena maagizo ya ndege za kivita. Upande wa kaskazini wa nchi hiyo ulikuwa na misitu na maziwa yasiyohesabika, na watu wake walitegemea marubani waliotua penye maji au theluji. Kabla ya kukamilisha michoro, kiwanda kiliwauliza marubani hao walihitaji nini. Jibu lililojirudia lilikuwa nguvu ya injini: ndege iweze kuondoka mahali finyu ikiwa na mzigo.

Wahandisi walikuwa wamepanga kutumia injini ya Uingereza yenye nguvu za farasi takriban 300. Badala yake walichagua injini ya Pratt & Whitney ya nguvu za farasi 450, iliyokuwa ikipatikana kwa wingi baada ya vita. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 16 Agosti 1947, ikiongozwa na rubani Russell Bannock.

Mambo madogo ya Beaver yanaonyesha kwamba marubani walisikilizwa kweli. Milango iliwekwa pande zote mbili, ili mzigo upakiwe hata kama ndege imeegeshwa gatini kwa upande wowote. Upana wa milango uliruhusu pipa la mafuta kuviringishwa hadi ndani. Matangi ya mafuta yaliwekwa chini ya sakafu, na midomo yake ubavuni, ili rubani ayajaze akiwa amesimama chini bila kupanda juu ya bawa. Mafuta ya kulainisha injini yaliweza kuongezwa kutoka ndani, hata ndege ikiwa angani. Jambo hilo lina thamani kubwa pale ambapo baridi hugandisha kila kilicho nje. Ndege hiyo hiyo iliweza kufungwa magurudumu, vielea vya majini au skii za theluji. Na mlango unaopitisha pipa hupitisha pia machela.

Siri ya kuruka kwa umbali mfupi

Ndege huinuliwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Nguvu hiyo ya kuinua huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hiyo anayetaka kuruka kwa umbali mfupi ana njia tatu: kufikia mwendo unaohitajika haraka, kuupunguza mwendo huo, au kupunguza uzito.

Beaver ilitumia njia mbili za kwanza katika muundo wake. Injini yenye nguvu iliisukuma haraka. Bawa lake refu, takriban mita 14.6 kutoka ncha hadi ncha, lilipewa flapu kubwa zinazoshushwa nyuma ya bawa ili kuongeza mpindo wake. Na flapu zinaposhuka, vibawa vya kuinamisha ndege vilivyo karibu na ncha hushuka pamoja nazo. Hivyo karibu urefu wote wa bawa hushiriki katika kuinua. Matokeo yake ni kwamba Beaver yenye uzito kamili wa takriban kilo 2,300 huhitaji kukimbia mita 170 hivi kabla ya magurudumu kuacha ardhi, na takriban mita 310 hadi kuvuka kizuizi cha urefu wa mita 15, yaani mti wa wastani.

Njia ya tatu, uzito, iliachwa mikononi mwa rubani na anayempa abiria. Hapo ndipo elimu hii inapomgusa mhudumu wa afya.

Joto na mwinuko

Vipimo vilivyotajwa ni vya usawa wa bahari, katika hali ya hewa ya wastani ya nyuzi 15 za Selsiasi. Sasa tuchukue uwanja ulio mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 30. Hewa ya mahali hapo ni nyepesi kwa takriban moja ya tano. Ili bawa lipate nguvu ileile ya kuinua, ndege lazima ikimbie kasi zaidi kwa takriban asilimia 12. Hata kama injini na propela zisingepoteza nguvu yoyote, umbali wa kukimbia ungeongezeka kwa zaidi ya robo. Na kwa kweli nguvu hupungua, hivyo umbali huongezeka kuliko hapo. Nyasi ndefu, matope na mteremko wa kupanda huongeza tena.

Upepo wa mbele husaidia. Ndege inayohitaji mwendo wa kilomita 100 kwa saa ili iruke, ikipata upepo wa mbele wa kilomita 20, umbali wake wa kukimbia hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana rubani anaweza kukataa kuruka saa nane mchana, kisha akaruka alfajiri kutoka uwanja uleule akiwa na mgonjwa yuleyule. Anaweza pia kukubali kumchukua mgonjwa na muuguzi, akamwacha ndugu. Familia huona huo ni ukatili. Lakini kilo 70 za abiria mmoja zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya kuvuka miti iliyo mwisho wa uwanja na kuigonga.

Mwili wa mgonjwa angani

Beaver, kama ndege nyingi ndogo za aina yake, haina chumba kinachohifadhi mgandamizo wa hewa. Abiria hupumua hewa ya kimo wanachoruka. Kwenye mita 3,000, oksijeni inayoingia mapafuni hupungua kwa takriban theluthi moja. Mtu mwenye afya huvumilia. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria, au mgonjwa wa nimonia, huenda asivumilie bila oksijeni ya ziada.

Gesi iliyofungiwa mwilini nayo hutanuka, katika kimo hicho kwa asilimia 40 hadi 50. Hewa iliyovuja katika uwazi unaozunguka pafu hulibana pafu zaidi; kwa hiyo inafaa itolewe kwa mrija kabla ya safari. Utumbo ulioziba huvimba zaidi. Puto dogo la mrija wa kupumulia hutanuka na kuuminya ukuta wa koo la hewa, hivyo lazima likaguliwe ndege inapopanda na inaposhuka. Daktari anaweza kumwomba rubani aruke chini zaidi, lakini milima na mawingu ndivyo huamua kama ombi hilo linawezekana.

Matumizi na urithi

Beaver zaidi ya 1,600 zilitengenezwa hadi mwaka 1967. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilinunua zaidi ya 900. Moja ilitumika katika safari ya kuvuka bara la Antaktika ya miaka ya 1955 hadi 1958. Jeshi la Anga la Kenya lilizitumia katika miaka yake ya mwanzo.

Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa angani Afrika Mashariki, ambayo leo inajulikana kama AMREF. Ndege zake za sasa, zikiwamo Cessna Caravan na Pilatus PC-12, ni za kizazi kipya chenye injini za tabaini zinazochoma mafuta ya ndege za jeti. Beaver yenyewe ilipewa injini ya tabaini ya aina hiyo, PT6, katika toleo lililoruka mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1963. Injini zimebadilika, lakini hesabu ya uzito, joto, mwinuko na urefu wa uwanja ni ileile.

Wajibu wa kituo cha afya

Anayeomba ndege kwa ajili ya mgonjwa humsaidia rubani akimpa taarifa kamili katika ombi la kwanza: uzito wa mgonjwa na wa kila atakayefuatana naye, hali ya uwanja siku hiyo, mvua iliyonyesha, upande unakovuma upepo, na kama kuna mifugo au watu njiani. Ampe pia taarifa za oksijeni na za gesi yoyote iliyofungiwa mwilini. Uzito usikadiriwe kwa macho pale ambapo mizani ipo. Ndugu waelezwe mapema, kabla ndege haijatua, kwamba huenda nafasi ikawa ya mmoja tu au isiwepo kabisa. Na nyasi za uwanja zikatwe kabla ya msimu wa mvua, kwa maana siku ya dharura hakuna atakayepata muda wa kuzikata.