Skripti Isishike Saa

Swali ni lilelile kila mara: "Mdundo wangu unayumba kwenye Max. Nikiuhamishia kwenye JavaScript utatulia?" Hapana. Utayumba zaidi, na aliyekushauri hivyo hajui msimbo wako unaendeshwa wapi.

Max, programu ya muziki iliyoanzishwa na Miller Puckette kule IRCAM, Paris, katika miaka ya 1980, ina foleni mbili za kazi. Ukiwasha mpangilio wa Overdrive, metro (kisanduku kinachopiga mapigo) na noti za MIDI hupita foleni ya haraka. Kuchora skrini na kufungua faili husubiri kwenye ile nyingine, na kisanduku cha js, kinachoendesha JavaScript, kimo humo humo. Ujumbe unatoka kwenye metro kwa wakati wake, unafika kwa js, unawekwa kando mpaka zamu yake. Hapo muulizaji hujibu: "Lakini nimetumia Task, kipima muda cha js, nimeiandikia milisekunde 125!" Namba hiyo ni ombi tu. Buruta dirisha, au chora upya wimbi refu la sauti, pigo litachelewa, na kwenye ngoma sikio halisamehe. Inaniuma kuona vijana wakishauriwa kununua kompyuta mpya kwa tatizo hili. Kompyuta mpya nayo itapanga foleni zilezile.

Wengine hukimbilia Pure Data (Pd), aliyoitoa Puckette huyohuyo mwaka 1996, wakidhani dawa ni moja. Huko ujumbe na sauti hufanyiwa kazi kwa zamu moja, sampuli 64 kila mara, yaani kama milisekunde 1.45 kwa kiwango cha 44,100 kwa sekunde. Ukitumia pdlua, inayoendesha skripti za Lua ndani ya Pd, hesabu ya wakati hubaki sawa. Ila kitanzi cha Lua kikirefuka kuliko akiba ya bafa, sauti inakatika.

Basi fanya hivi. Acha metro ishike saa, skripti iamue noti zipi: ipange noti mapema, tuseme kwa minyororo ya Markov, iziandike kwenye coll, kisanduku cha kuhifadhi orodha, metro izisome. Ukitaka kugusa sampuli mojamoja, tumia codebox ndani ya gen~, au fexpr~ kwenye Pd, ingawa ni nzito. Hesabu kubwa ipeleke Node for Max, inayoendeshwa nje kama programu ya pembeni, au kwenye programu nyingine kwa ujumbe wa OSC. Na kama unachotaka ni kuzidisha namba mbili, kisanduku cha kuzidisha kipo.