Kabureta husingiziwa

Gari la zamani likianza kunywa petroli kupita kawaida, au likikohoa kila unapokanyaga mafuta, neno la kwanza kusikika gereji ni kabureta. Bisibisi inatoka mfukoni, skrubu inazungushwa kushoto, inazungushwa kulia, injini inabadili mlio, na mwenye gari analipa. Baada ya siku chache amerudi palepale. Leo naomba tuitetee kabureta kidogo, maana katika kurekebisha injini hiyo ndiyo ya kuguswa mwisho. Mengi yanayoitangulia mwenye gari anaweza kujifunza kuyafanya mwenyewe.

Nasema juu ya magari kama Peugeot 504 au ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo bado unayaona mitaani. Yale ambayo kompyuta ndiyo inayopima mafuta hayana kabureta, na wakati wa cheche kwa kawaida hupangwa na kompyuta hiyo hiyo. Lakini plagi yanazo, na kichujio cha hewa yanacho.

Anza na plagi, injini ikiwa imepoa. Chomoa waya kwa kushika kofia yake, usivute waya wenyewe. Futa mchanga kuzunguka plagi usije ukatumbukia ndani ya silinda, kisha ifungue. Zipange chini kwa kufuata silinda zilikotoka, halafu zitazame, kwani ncha ya plagi ni shahidi asiyehongwa. Ikiwa na rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai ya maziwa, silinda hiyo inaunguza vizuri. Masizi makavu meusi maana yake petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, joto limezidi. Pengine hewa ni nyingi mno au cheche inawahi. Na ikiwa imelowa oili, basi oili inapita kwenye ringi za pistoni au kwenye valvu, na hapo hakuna skrubu itakayokuokoa.

Sasa fikiri: plagi tatu zina rangi nzuri, moja ni nyeusi. Kama kabureta ni moja na inalisha silinda zote nne, itakoseaje kwa moja tu? Tafuta ubaya kwenye plagi hiyo, waya wake au silinda yake.

Kichujio cha hewa nacho kinasahauliwa sana. Gramu 1 ya petroli inahitaji hewa gramu 14.7 hivi ili iungue yote. Kichujio kikiziba kwa vumbi, hewa inapungua na moshi unakuwa mweusi. Fundi akiiponya hali hiyo kwa kupunguza petroli, siku utakapoweka kichujio kipya hewa itazidi, na gari litaanza kukatakata.

Kisha fungua kifuniko cha distributa. Humo mna visahani viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kuleta cheche. Nafasi kati yao hupimwa kwa fila, yale majani membamba ya chuma. Kwa Volkswagen niliyoitaja ni milimita 0.4, na kwa gari lako tazama kitabu chake. Kisigino kinachosuguliwa na mhimili wa distributa hulika polepole, nafasi ikapungua, na cheche ikachelewa. Ndiyo sababu anayepanga wakati wa cheche kabla ya kurekebisha nafasi hii anafanya kazi mara mbili.

Wakati wenyewe ni jambo la unyeti. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inahitaji cheche 25 kwa sekunde. Moto huchukua muda kuenea, hivyo cheche lazima itangulie kidogo kabla pistoni haijafika juu. Ikichelewa, nguvu inapotea na injini inachemka. Ikiwahi mno, utasikia injini inagonga unapopanda mlima, na kugonga huko kukiendelea kunaweza kutoboa pistoni.

Hapo ndipo kabureta ipate zamu yake. Washa injini nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwani katika moshi wake mna gesi isiyo na harufu inayoua. Ikipata moto, izime. Kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse mwisho, ukihesabu mizunguko. Andika idadi hiyo, uirudishe ilipokuwa. Ukiharibu, unajua pa kurudi. Washa tena, uizungushe kidogo kidogo mpaka injini itulie.

Lakini jua kwamba skrubu hiyo inatawala hasa mngurumo wa gari lililosimama. Ukiwa katika mwendo, petroli hupita kwenye jeti, vitundu vilivyotobolewa kwa kipimo maalumu. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba kwa robo mzunguko wa bisibisi utafika Morogoro kwa nusu ya mafuta, mwombe kwanza akuonyeshe plagi.