Sifuri niliyompa mtoto wa Mangateen

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa Mangateen, jijini Juba, mimi na mume wangu tulipewa chaki siku ya kwanza.

Tuliwasili Januari 2024 kwa basi kutoka Nairobi kupitia Kampala, Elegu na Nimule. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua safari hiyo kutushinda. Ukishavuka Nimule zimesalia kilomita 192 za lami, na kila kizuizi barabarani kina maswali yake.

Kanisani kwetu Kitale tulikuwa tumewekewa mikono na kuombewa, kana kwamba twaenda kuhubiri. Ukweli ni kwamba tulikuwa walimu wawili wenye vyeti, tuliongoja ajira ya serikali miaka sita bila kuiona, tukasikia shule ya kibinafsi inatafuta watu wa hisabati na Kiingereza. Wito ulikuwepo. Na kodi ya nyumba pia ilikuwepo.

Mangateen iko upande wa kaskazini wa jiji, si mbali na uwanja wa ndege. Mwaka 2018, baada ya mapigano kuzuka ndani ya kambi iliyokuwa ikilindwa na Umoja wa Mataifa, watu wengi walihamishiwa hapa, na maturubai yao yakageuka kuwa mtaa.

Jumapili ya kwanza tulienda ibadani. Mahubiri yalikuwa ya Kinuer, ngoma zikirindima, nasi tumekaa kama mabubu hadi kijana mmoja aliposogea na kuanza kututafsiria kwa Kiswahili safi. Alizaliwa Kakuma. Sisi tuliodhaniwa kuja kuleta neno tukawa ndio tunaoletewa.

Kwa sababu ya kijana yule nilijidanganya kwamba Kiswahili kingetosha. Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia nchini Sudan Kusini tangu uhuru wa 2011, lakini kilipokwama darasani mwangu nilikuwa naingiza Kiswahili, na watoto waliokulia Kenya na Uganda wakachangamka. Sikuwaangalia waliokaa nyuma.

Siku moja kasichana kakanijia na kusema, "Ustaza, ana deru moyo." Nikadhani anasema habari za moyo wake, nikamshika kifua kuona kama anaumwa. Darasa zima likaangua kicheko. Katika Kiarabu cha Juba, moyo ni maji. Mtoto alikuwa na kiu tu.

Kiu yenyewe haikuwa mchezo. Mwezi Machi serikali ilifunga shule nchi nzima kwa kuhofia joto la kufikia nyuzi 45. Chumba chetu cha mabati kilikuwa tanuri, na maji tulinunua kwa jerikeni kutoka kwa malori.

Nyuma ya darasa alikaa mvulana wa miaka 14 ambaye familia yake ilikimbia Khartoum vita vilipozuka Aprili 2023. Huko alikuwa amefika darasa la saba. Hapa, kwa kuwa hakujua Kiingereza, waliwekwa naye darasa la nne watoto wanaomfika kifuani. Alikuwa kimya siku zote.

Nilipotoa jaribio la hisabati alipata sifuri. Kwa mfano, niliuliza 25 mara 2, naye akaandika duara dogo na nukta pembeni yake. Hesabu nyingine alichora kama herufi V. Nikaona ni dharau, nikapiga mistari myekundu karatasi nzima na kuandika sifuri kubwa juu yake. Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia. Wenzake wakaniambia anaosha pikipiki za boda boda ili apate chochote.

Wiki hiyo hiyo nyumbani kwetu hakukuwa na amani. Mwezi Februari bomba linalopeleka mafuta ya nchi hii baharini lilikuwa limeharibika katika eneo la vita nchini Sudan. Mafuta ndiyo mhimili wa bajeti hapa, hivyo wafanyakazi wa serikali walikaa miezi bila mishahara, na wao ndio wengi wa wazazi wetu. Karo ikakosekana, na mshahara wetu nao ukakosekana.

Isitoshe, mkataba wetu ulikuwa wa pauni. Kosa hilo ni letu wenyewe. Dola iliyouzwa kwa pauni kama tatu mwaka 2011 ilihitaji zaidi ya elfu moja mwaka 2024. Anayetaka kuja kufundisha, au hata kuuza nyanya Konyo Konyo, aandikiane kwa dola na atembee na nakala ya mkataba.

Mume wangu akasema muhula ukiisha tupande basi. Nikamjibu kwamba tulipoombewa Kitale hatukusema tutarudi fedha zikichelewa. Akaniuliza kama maombi hayo yanalipa karo ya watoto wetu tuliowaacha kwa nyanya yao. Tulilala bila kusemezana, sitaficha.

Asubuhi nilikwenda kunywa chai kwa mama mmoja anayeuza chini ya mti karibu na lango la shule, naye pia ni mrejeaji kutoka Khartoum. Nilikuwa na karatasi za jaribio mkononi. Akaitazama ile ya juu, akacheka, kisha akanyamaza.

"Ustaza," akaniambia kwa Kiingereza cha kuokoteza, "huyu amepata zote."

Akachukua kijiti akachora mchangani. Huko walikosomea watoto hawa, duara ni tano na nukta ni sifuri. Ile V ni saba, na V iliyopinduliwa ni nane. Kinachofanana na saba yetu ni sita. Moja na tisa hazitofautiani sana na zetu, ndiyo maana sikushtuka mapema. Mvulana alijaribu kuandika kwa tarakimu zetu, akiharakishwa anarudia zake.

Nilikwenda kumtafuta pale wanapooshea pikipiki. Nilimwomba msamaha kwa neno moja nililolijua, malesh, nikamrudishia karatasi yenye alama mpya. Aliisoma, akaikunja, akaendelea kuosha gurudumu. Jumatatu alikuja.

Usiku mume wangu aliomba karatasi za madarasa yote. Alizisahihisha upya kwa mwanga wa tochi, akapata watoto wengine watano wa namna hiyo. Mvulana wetu alihamishiwa darasa la sita, akaendelea kufundishwa Kiingereza jioni pamoja na hao watano. Habari ya basi haikuzungumzwa tena muhula ule, ingawa sanduku moja la mume wangu lilibaki chini ya kitanda bila kufunguliwa.

Malipo yalipokuja yalikuwa nusu. Nilikwenda kwanza kwa mama wa chai, ambaye alikuwa ametukopesha miezi miwili. Deni alikuwa ameliandika kwa mkaa kwenye ubao wa meza yake, kwa tarakimu za kwao. Nilisoma mwenyewe: vikombe 41.